Kule wa Ka... na Maneno Mengine Niliyoyamalizia

Mwaka wangu wa mwisho kazini waliniweka chumba kimoja na Mbambu, mtunza kompyuta wetu. Nadhani walitaka nimfundishe kazi. Siku ya kwanza alinionyesha dirisha jeusi kwenye kioo cha mashine yake, pale anapoandika amri na mashine inamjibu papo hapo, kama watu wawili walioshika ncha mbili za waya. Aliandika herufi tatu tu, akabonyeza kitufe cha pembeni kushoto, na neno zima likajitokeza.

"Inamalizia yenyewe, mzee," alisema.

"Na ikikosea?"

"Kama neno ni moja, inamalizia. Kama yako mengi yanayoanza hivyo, inakwenda mpaka pale yanapofanana, halafu inanyamaza."

"Inanyamaza tu?"

"Inalia kidogo, ti! Ukibonyeza tena inakupangia yote, uchague mwenyewe. Na hata ukishachagua, haifanyi kitu mpaka ubonyeze hiki kikubwa cha kulia."

Nilimwomba arudie, kisha arudie tena. Nikamwambia mashine hii imelelewa vizuri kuliko mimi. Alicheka, akidhani ni utani wa wazee, akanitaka niandike kisa hicho nitakapostaafu. Sasa nimestaafu, mbuzi wangu wamezoea kujichunga, na sina udhuru tena. Wale mlioniuliza jinsi nilivyopanda vyeo mtaniwia radhi. Mambo hayo yamo kwenye faili langu huko ofisini, kama panya wameyabakiza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kasese, nyuma ya kaunta ya posta, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimetoka sekondari, na nilibeba kalamu mbili mfukoni ili watu waone kwamba nimetoka sekondari. Chumba cha simu kilikuwa na ubao mkubwa wenye matundu, na kamba zenye vichwa vya shaba. Kila tundu lilikuwa mahali: stesheni ya reli, hospitali ya misheni Kisinga, Katunguru darajani, Bwera mpakani. Ukichomeka kichwa cha shaba kwenye tundu na kuzungusha mkono wa kengele, watu wawili walio mbalimbali huanza kugombana kana kwamba wako jiko moja.

Telegramu za vijijini zilipitia hapo hapo. Karani wa Bwera alisoma maneno kwa simu, na ikibidi herufi moja moja, A ya Anna, B ya Baluku, nasi Kasese tuliandika na kupeleka mbele.

Aliyenifundisha ni Mzee Zakayo, mtu mfupi mwenye masikio makubwa ambayo sisi tuliamini yalivutwa na vipokea sauti. Asubuhi ya kwanza alinipa kikombe cha maji. Nilimshukuru, nikanywa.

"Nani amekuambia unywe?"

"Si umenipa, mzee?"

"Nimekupa uyaweke kinywani. Mteja akianza kusema, piga funda moja, ulishike. Akimaliza, meza. Neno la mtu ni kama tonge mdomoni mwake, bwana mdogo. Hakuna anayemtafunia mtu mzima."

Nilifanya kazi hivyo mpaka Zakayo aliporidhika, mashavu yamevimba kama mwenye jino bovu. Mteja mmoja aliniuliza kama daktari amenikataza kusema. Mama mwingine alikuja kueleza ugonjwa wa ng'ombe wake tangu alipomnunua, nami nikakaribia kuzama nikiwa nimekaa kitini.

La pili alilonifundisha lilihusu majina. Msomaji asiye wa kwetu ajue kwamba kwetu Bukonzo, huku milimani mpakani na Kongo, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Wasichana wana foleni yao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Ng'ambo ya mpaka, Beni na Butembo, majina ni yaleyale yaliyobadilishwa kola. Ni utaratibu mzuri sana kwa mama anayeita watoto kula. Kwa karani wa simu ni adhabu. Simama sokoni Bwera siku ya soko uite "Kule!" Nusu ya wanaume watageuka, na waliobaki wataanza kukusaidia kumtafuta.

"Ukisikia jina," Zakayo alisema, "hujasikia kitu. Uliza baba yake nani. Uliza mlima gani. Jina, baba, mlima. Kama hujapata vyote, kalamu ibaki sikioni."

Siku Zakayo aliporudi kwao Kisinga kulima pamba, nilimwaga yale maji dirishani.

Niseme ukweli: nilikuwa hodari. Watu wengi husema yaleyale. Mtu akisema "Mama mgonjwa", kinachofuata ni "njoo haraka". Akisema "Nimefika", ni "salama". Akifungua mdomo na kusema "Tuma", mimi nilikuwa nimeshaandika "karo", na kweli ilikuwa karo. Foleni ilikuwa inakwisha kabla jua halijafika barazani. Wenzangu waliacha kuniita Masereka, wakaniita Malizia, nami nililichukua jina hilo kama nishani. Mzee mmoja wa milimani alianza kusema "Tuma", nikaandika karo, na yeye kwa kuona haya mbele ya kalamu mbili akanyamaza. Alikuwa anataka mbegu za viazi. Kaka yake huko Kampala akatuma karo, na mzee hakuwa na mtoto yeyote shuleni. Ikabidi ampeleke mmoja. Mtoto huyo baadaye akawa mwalimu, na mimi kwa miaka mingi nilisimulia kisa hicho kama ushahidi kwamba kosa langu lina akili kuliko maombi ya watu wengine.

Ndivyo tabia mbaya inavyokua. Ingeniadhibu mapema ningeiacha. Ilinilipa.

Miaka ya sabini ilinikuta Bwera, peke yangu katika chumba kimoja chenye simu moja ukutani, benchi moja la wateja, na mlango unaotazama barabara ya mpakani. Wafanyabiashara wa Kikongo walipita na mafuta ya mawese na vitenge, wetu walipita na kahawa na chumvi, na wote walinisimulia habari zao. Waya wangu ulikwenda Kasese, na kutoka Kasese mwingine ulikwenda Katunguru kupitia mbugani, ambako tembo walipenda kujikuna kwenye nguzo. Tembo mmoja mwenye muwasho aliweza kuwanyamazisha wakubwa wote wa wilaya. Hakuna mwingine niliyemjua aliyeweza.

Jeshi lilikuwa limechukua nchi, na kazi yangu ikawa nyepesi kuliko zamani, maana taifa zima lilianza kusema sentensi moja. Redio ikianza, unaweza kwenda kuoga na kurudi ukajua ilipofika. Mikutanoni mkubwa alisema neno la kwanza na wananchi wakamalizia kwa makofi, na ole wake atakayemalizia polepole. Chifu mmoja wa gombolola, yaani tarafa, alikuja kwangu siku moja, amevua kofia.

"Karani, nataka kupeleka habari kwa wakubwa. Kuhusu zahanati yetu..."

"Nimeelewa, chifu," nikasema, nikaandika: Wananchi wa gombolola wanampongeza mkubwa kwa moyo mmoja kwa zahanati yetu.

Alisoma. Alinitazama, akaitazama barabara, akatia sahihi. Alikuwa amekuja kuomba mabati, kwa sababu upepo ulikuwa umeezua zahanati. Jibu likaja baada ya muda: wakubwa wanashukuru kwa pongezi. Wagonjwa wa pale walitibiwa juani mwaka mzima, wakiwa wamepongeza.

Mkuu wa askari wa Bwera alikaa kwenye ghala la kahawa lililokuwa limechukuliwa bila mwenyewe kuulizwa. Tulimwita Afande tu. Sidhani kama tangu aajiriwe aliwahi kusikia mwisho wa sentensi ya mtu mwingine. Ukisema "Afande, naomba", yeye alishajua unaomba nini, na alishakunyima. Kwa hiyo tulielewana. Tulikuwa watu wa ufundi mmoja, ila yeye alikuwa na bunduki.

Sasa nifike kwa Kule.

Jumapili moja nilikwenda Karambi, mwendo mfupi kutoka Bwera, kupimwa suruali. Kule fundi cherehani alikuwa na mashine barazani kwake, na mke, Kavira, mwenyeji wa Butembo, aliyeuza maharage sokoni. Kitambaa changu kilikuwa cha kijivu, kizuri kunishinda. Kule alikuwa na desturi ya kupima akiwa na pini mdomoni, zimepangwa midomoni kama meno ya samaki, kwa hiyo hakuweza kusema neno. Alinigeuza kwa mkono. Mimi nilisema peke yangu muda wote, na nilipomaliza kueleza ninavyotaka mifuko, akatema pini, akauliza, "Na pindo?"

"Nitakuambia," nikajibu. "Nitakuja."

Katikati ya wiki hiyo Afande aliingia ofisini kwangu. Redio ya jeshi ilikuwa imekufa betri, na askari wa kizuizi cha Katunguru walikuwa wameomba kusema naye kupitia simu yangu. Kwa kuwa mkubwa hashiki simu ukutani kama mtu wa kawaida, nilisikiliza mimi na kuandika, na yeye akasimama mbele yangu akipiga kaunta kwa fimbo.

"Bwera! Andika upesi!" ilisema sauti ya Katunguru. "Kamata mutu moja, jina yake Kule. Iko adui ya uchumi. Amepita hapa, iko huko kwenu. Kule wa Ka..."

Kisha waya ukalia krrr, ukanyamaza. Tembo.

"Nani?" Afande akauliza.

"Kule, afande."

"Kule ya wapi? Ya wapi! Wewe nalala?"

Tazameni sasa. Kwetu mtu akisema Ka, hajasema kitu. Kuna Kasese, Katwe, Katunguru, Karambi, Kabirizi, Karusandara, na sijamaliza. Mashine ya Mbambu ingefika kwenye Ka, ingelia ti! na kunyamaza. Ningeweza kusema, afande, waya umekatika, ngoja. Maneno manne. Mzee Zakayo angeyasema hata kama angepigwa. Lakini fimbo ilikuwa inapiga kaunta, mimi nilikuwa Malizia, na neno la mwisho kupita kichwani ndilo lililo karibu na mkono. Jumapili nilikuwa kwa Kule. Niliandika: Kule wa Karambi. Na kwa kuwa napenda kazi iliyokamilika, nikaongeza: fundi cherehani.

Afande alichukua karatasi. "Kazi muzuri," akasema. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake.

Gari lao liliondoka likielekea Karambi. Nilisikia linavyobadilisha gia mlimani, nikajiambia kwamba huenda Kule ana mambo yake ambayo mimi siyajui. Hivyo ndivyo tulivyosema wote miaka ile. Mtu alipochukuliwa, tulimmalizia makosa.

Kesho yake asubuhi laini ikapona, na sauti ileile ikauliza, "Bwera! Ule Kule mumemupata? Ule ya Katunguru, muuza samaki? Alituuzia samaki imeoza, kikosi muzima naharisha!"

Nilijibu kwamba shughuli inaendelea. Kisha nikakaa chini.

Nilikuwa bado nimekaa Kavira alipoingia. Alikuwa ametembea kutoka Karambi, kitenge kimeloa umande mpaka magotini.

"Papa ya posta, andikia kaka yangu ya Butembo telegramu. Bwana yangu..."

Mkono wangu, sitasahau, ulianza wenyewe. Uliandika: Mume wangu mgonjwa. Ulikuwa unaelekea kwenye "njoo haraka".

"Hapana!" Aliweka kiganja juu ya karatasi. "Sikilizaka kwanza. Minasema, na wewe unaandika. Haiko mugonjwa. Banamukamata. Banasema eti iko adui ya uchumi. Uchumi gani? Kule hata deni yake anaogopa kuomba! Iko mutu ya sindano. Nani aliwaambia?"

Nikachovya muhuri kwenye wino, ingawa hapakuwa na cha kugonga.

"Papa, uko nasikia? Bantu benye kuingia mu ile ghala, hatuonake banatoka. Nitafanya nini na batoto?"

Hayo ndiyo yaliyomngoja Kule, na Kavira alikuwa anasema kweli. Watu waliingia kwenye lile ghala la kahawa, na wengine tuliona viatu vyao tu, miguuni kwa askari.

Nilimwambia arudi kwa watoto. Nilimwambia ninakwenda mwenyewe. Aliniombea baraka kwa jina la Bikira Maria, na kila neno lake lilinichoma, kwa sababu alidhani ninakwenda kama msamaria mwema.

Njiani niliitunga sentensi yangu vizuri, kwa Kiswahili cha sekondari: Afande, nimekuja kukiri kwamba kosa ni langu, jina hilo nililiongeza mimi. Niliirudia mpaka lango la ghala.

"Wewe ya posta! Nini?"

"Afande, nimekuja ku..."

"Kuleta message ingine! Toa!"

"Hapana, afande. Ni kuhusu Kule. Huyu Kule si..."

"Si peke yake! Najua! Beko wengi! Nani wengine? Taja!"

Askari mwenye daftari akafungua ukurasa. Kila nilichoanza, yeye alikipeleka kwake, na mwisho wake ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Kama ningesema "kosa", angemalizia kosa la nani, na tungekuwa wawili ndani. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa mara ya kwanza maishani, jinsi wateja wangu walivyojisikia mbele ya kaunta yangu.

Nikatazama chini. Suruali ya Afande ilikuwa imefumuka mshono wa paja na kushikizwa kwa waya mwembamba. Begani utepe wa cheo ulining'inia kwa uzi mmoja.

"Afande," nikasema polepole, "Kule ni fundi. Kazi yake ni kushona nguo za..."

Nikaacha. Nikaacha kabisa, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau.

Afande alitazama paja lake. Akatazama bega lake. Nikaiona sentensi ikitembea usoni mwake ikitafuta pa kutua.

"...za jeshi!" akanguruma. "Nguo za jeshi! Iko mutu yetu! Na ninyi munafungia mutu yetu? Nani alileta huyu?"

Askari mwenye daftari akafunga ukurasa, maana aliyemleta ni yeye.

"Toa! Osha! Rudisha kwao na gari! Peana kitambaa!"

Sikusema neno. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza mahali pasipofaa, kama nilivyojifunza kusema mahali pasipofaa. Kule alitolewa jicho moja limefumba, akapita karibu yangu, na lile jicho jingine likanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Wakamrudisha kwa heshima. Hilo ndilo lililomwua, ingawa alikuwa hai. Karambi nzima iliona gari la jeshi likipanda mlima, likasimama kwenye baraza la Kule, askari wakashuka na robota la kitambaa cha kijani, mmoja akampigia saluti. Mtu aliyekamatwa jana anarudi leo na saluti. Wananchi wakamalizia wenyewe. Hawakuhitaji karani.

Watu walikuja kuchukua vitambaa vyao mmoja mmoja, hata vilivyokwisha katwa, wakisema wamebadili nia. Kanisani benchi la Kule lilipata nafasi kubwa. Alipoingia mahali, maneno yalikatika katikati, na hakuna aliyeyamalizia mbele yake tena. Mtu aliyeuawa huliliwa na watu. Mtu anayedhaniwa mpelelezi haliliwi na yeyote. Alishona magwanda ya Afande mpaka kitambaa kikaisha, kisha akabeba kichwa cha cherehani begani, Kavira akabeba watoto, wakavuka mpaka pale Mpondwe kwenda kwa wakwe Butembo. Walipita mbele ya ofisi yangu. Niliinama chini ya kaunta nikijifanya natafuta muhuri.

Yule Kule wa Katunguru? Aliendelea kuuza samaki. Hakuna aliyemtafuta, kwa kuwa karatasi zilionyesha kwamba Kule ameshakamatwa na kuachiwa. Alizeeka vizuri.

Ninyi wachanga mtauliza kwa nini sikupanda Karambi siku moja nikasema, jamani, ni kalamu yangu, mtu huyu hana hatia. Mwanzoni niliogopa Afande. Afande alipohamishwa niliogopa aliyemfuata. Baada ya hapo niliona haya, na haya ni askari asiyehamishwa. Kila Jumapili nilikuwa na sentensi tayari, na kila Jumapili niliimeza. Zakayo hakunifundisha kumeza namna hiyo.

Kisha vita vikaja, askari wakakimbia, na ghala la kahawa likarudi kuwa ghala. Miezi michache baadaye, mchana, mtu aliyekonda aliingia ofisini na kifurushi cha gazeti kwapani. Nilimtambua kwa jicho.

"Kule."

"Masereka. Bado upo."

Niliweka kiti. Niliweka pia kikombe cha maji, kwa ajili yake, lakini alikisukuma kikarudi upande wangu.

"Kavira ameniambia nisije," alisema. "Mimi nimesema nitakuja. Nataka kurudi kwangu. Mashine ninayo, baraza ninalo. Watu ndio sina. Mle ndani walinisomea karatasi ya Katunguru, unajua? Ilisema, fundi cherehani. Nikajiuliza, askari wa Katunguru amejulia wapi kwamba mimi ni fundi? Nimejiuliza njia nzima mpaka Butembo." Alipangusa jicho lake bovu. "Siku ile, Masereka, kama ungeuliza tu..."

Akanyamaza.

Mwisho wa sentensi ile nilikuwa nao tayari, wa aina nne. Kama ungeuliza tu, nisingepigwa. Nisingehama. Nisingekuchukia. Mtoto wangu wa mwisho asingezaliwa ugenini. Yote yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi, yakisukumana. Nikachukua kile kikombe, nikapiga funda moja, nikalishika.

Kule alitazama mashavu yangu yaliyovimba. Alitazama barabara. Muda ulipita, na gari moja, na mbuzi. Sikumeza.

"...ningekuambia kwamba suruali yako bado pindo," alisema. "Nilikuwa nakungoja uje useme. Hukuja."

Akafungua gazeti. Ilikuwa ile ya kijivu, imepindwa, imepigwa pasi.

"Nimekisia pindo," akasema. "Nikikosea utaniambia. Jumapili utaivaa, uje nayo Karambi. Utasimama mbele ya watu. Unajua utakachosema."

Nilimeza. "Nitakuja."

"Ulisema hivyo hata siku ile."

Nilikwenda. Pindo lilikuwa sawa, ila kiuno changu kilikuwa kimekula mishahara yote niliyokataa kuwasimulia. Baada ya misa katekista aliniruhusu, nikasimama mbele ya madhabahu, na nikaanza kama Zakayo alivyonifundisha: jina, baba, mlima. Nikasema mimi ni Masereka, mwana wa Yoweri, wa Kisinga. Nikasema waya ulikatika kwenye Ka, na kilichobaki nilikiandika mimi. Nikasema Kule hakuwa mtu wa jeshi hata siku moja, ni mimi niliyeuacha mlango wa sentensi wazi na Afande akaingia. Niliposita, nikatamani mtu mmoja tu anisaidie neno. Kanisa zima lilinitazama, na hakuna aliyenimalizia. Ikabidi niseme yote mpaka mwisho, na palepale kifungo cha suruali kikaruka, kikagonga benchi la mbele.

Watu walicheka. Wengine hawakucheka, na wazee wawili walitoka nje bila kuniaga. Hawakuwahi kuniamkia tena, na sikuwalaumu. Kule aliokota kifungo, akakitia mfukoni.

Jumatatu nilipanda tena Karambi kukifuata. Mlangoni kwake alikuwapo mteja, mama wa makamo mwenye kitambaa cha gomesi, lile gauni refu la kina mama wa kwetu, akieleza anavyotaka mabega, na mshipi, na jinsi gomesi ya shemeji yake ilivyoharibiwa na fundi wa Kisinga, na ukoo wa fundi huyo. Alieleza kirefu sana. Kule alikuwa amesimama mbele yake na pini mdomoni, anangoja amalize.